Keshia Hatoki Mikono Mitupu

Kuacha kazi ya supamaketi huhesabiwa na wengi pale Kamakis, Ruiru, kuwa ni kurudi sifuri. Aliyekaa kaunta miaka mitano, husemwa, hajasomea chochote. Akitoka achukue bodaboda ya mkopo, afungue kibanda, au arudi chuoni aanze upya na vijana waliotoka kidato cha nne juzi. Imani hii ni potofu, na hasara yake humwangukia anayeiamini.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi nyuma ya duka kuliko mbele. Gari la maziwa hufika alfajiri. Karani wa kupokea mali huhesabu kreti, hulinganisha ankara na oda, hukataa pakiti zilizovuja, husoma tarehe za mwisho wa matumizi, kisha huhakikisha za jana zimekaa mbele na za leo nyuma. Jioni keshia hufunga zamu kwa kulinganisha noti, M-Pesa na kadi na ripoti ya mashine. Pakitokea shoti, hutakiwa kueleza. Hata amri ya serikali ya mishahara ya kima cha chini humpa keshia daraja lake, juu kabisa ya kibarua wa kawaida. Serikali imeutambua ujuzi ambao majirani wanaukana.

Ujuzi huo una soko papo hapo. Kandokando ya Eastern Bypass, kuanzia Thika Road, kumejaa nyama choma, yadi za magari na maduka ya vifaa vya ujenzi. Jumamosi usiku, pesa za nyama choma hupotelea kati ya kilo zilizotoka buchani na kilo zilizoandikwa kwenye bili. Anayejua kuhesabu stoo huliona pengo hilo mapema kuliko mpishi hodari. Tatu City, Ruiru hiyohiyo, kuna maghala ya baridi ya Cold Solutions na kituo cha simu cha CCI Global. Ghala ni stoo iliyokua, na mteja mwenye hasira ni yuleyule, awe kaunta au kwenye simu.

Imani ya sifuri ilipata nguvu pale maduka makubwa yalipoanguka. Wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuifunga Januari 2020, na Tuskys ikafuata kwa kufunga tawi baada ya tawi. Wafanyakazi waliumia kweli, ila walichopoteza ni kipato, na wengine mishahara ya miezi waliyokwisha kuifanyia kazi. Ustadi hauuzwi pamoja na rafu za duka.

Kinachowakwamisha wengi ni karatasi ya kuthibitisha ustadi huo. Kuna wanaoingia mitini siku ya pili baada ya mshahara, na hapo hujiharibia wenyewe. Anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa notisi ya maandishi ya siku 28, au kulipa badala yake. Naye ana haki ya kulipwa siku za likizo alizolimbikiza. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, chenye tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi. Aina ya kazi ndiyo ya kupigania: aliyekuwa akipokea mali aandikwe karani wa kupokea mali, asikubali "mhudumu".

Wapo ambao cheti hicho huwaponyoka kirahisi: wapakiaji walioletwa na wakala, na vijana wa kupanga bidhaa wanaolipwa na kampuni ya sabuni au unga. Hao cheti chao hakidaiwi kwa meneja wa duka. Kinadaiwa kwa yule aliyewaajiri kwenye mkataba, na ni vizuri jina lake lijulikane kabla ya siku ya kuaga.