Kabla ya Kukata Utepe, Tuonyesheni Karatasi

Juzi niliitwa ushago nikarekodi uzinduzi wa kisima. Tenti, spika, mheshimiwa, utepe mwekundu. Maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele. Nikamuuliza jamaa wa mradi swali moja tu: haya maji mmeyapima? Akacheka. "Buda, si unaona vile ni safi?"

Hiyo video sijaiposti, na sitaiposti. Wasee, macho si maabara.

Hebu twende Bangladesh, miaka ya 1970. Watu walikuwa wanakunywa maji ya madimbwi, watoto wanakufa kwa kuhara. Serikali na mashirika kama UNICEF wakahimiza visima vya pampu, vikawa mamilioni. Maji yakatoka baridi na meupe. Hakuna aliyepima arseniki. Ilipothibitishwa mwaka wa 1993, watu walikuwa wameinywa miaka na miaka. Wala haikumwagwa na kiwanda, ilikuwa chini ya ardhi yenyewe. Kufikia 2000, jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu kati ya milioni 35 na milioni 77 wako hatarini.

Arseniki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mwili hutoa nyingi kwa mkojo, lakini ukiinywa kila siku, inazidi kuingia: kwenye nywele, kucha, ngozi. Miaka inapita ndio viganja vinaanza kuwa vigumu na madoa yanatokea. Baadaye ni saratani ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu. Na usiniambie utachemsha. Maji yanapanda na mvuke, arseniki inabaki kwa sufuria.

Sasa najua mtu ataniambia, "Watu wana kiu, wewe unaleta mambo ya maabara?" Ndiyo, naleta. Bangladesh pia walikuwa na kiu. Na dawa haikuwa kufunga visima vyote. Walipima karibu milioni 5, wakapaka pampu rangi: kijani, kunywa, nyekundu, usinywe. Hiyo rangi ingepakwa siku ya kwanza, si baada ya miaka 20.

Sisemi kisima cha ushago kina arseniki. Nasema pale kwa tenti hakuna aliyejua, na hakuna aliyejali. Na sisi Wakenya hatuna kisingizio. Mmekuwa mkicheka mtu wa Nakuru na meno yake ya kahawia tangu shule ya msingi, si ndio? Hayo meno ni floridi ya maji ya Bonde la Ufa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inajijenga kwenye mifupa mpaka mtu anashindwa kuinama. Tulicheka meno, hatukuuliza kuhusu maji.

Kwa hivyo nawalenga nyinyi wenzangu wenye simu na wafuasi. Sisi ndio tunawapa hawa watu makofi. Bei ya kupima maji ni kidogo sana ukilinganisha na ya kuchimba, na pesa ya tenti ilipatikana. Ukiitwa kurekodi kisima, omba karatasi ya maabara: arseniki ngapi, floridi ngapi. Kiwango cha WHO ni mikrogramu 10 za arseniki kwa lita, na miligramu 1.5 za floridi.

Hakuna karatasi? Zima kamera. Shosho yako atakunywa hayo maji muda mrefu baada ya laiki zako kuisha.