Saizi kubwa si jibu

Mwandishi mmoja ameandika kwamba mwanamume anayevaa kike hana haja ya fundi: anunue gauni la saizi kubwa dukani, yaishe. Nakataa. Gauni la dukani hukatwa kwa kifua, kiuno na nyonga za mwanamke. Ukipandisha saizi ili mabega yaingie, kiuno kinapwaya, na nyongani kitambaa kinaning'inia bila mwili wa kukijaza. Tena mgongo wa mwanamume mara nyingi ni mrefu, kwa hiyo mshono wa kiuno humkaa juu, mbavuni. Fundi anayejua kazi huanzia hapo. Hupima mabega na mgongo kwanza, hukata shingo ya V ipunguze upana wa juu, kisha huachia sketi ya marinda ipanuke kutoka kiunoni.

Mfano ni Grayson Perry, msanii wa Uingereza anayevaa kike: alipokea Tuzo ya Turner mwaka 2003 akiwa ndani ya gauni, na wanafunzi wa mitindo wa Central Saint Martins, London, wamembunia magauni mengi.

Mwenye shughuli, nenda kwa fundi. Upimwe ukiwa na viatu na nguo za ndani utakazovaa siku hiyo.