SAMAKI ANAGONGA, MBONA HATUMPATI?

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Safari hii tunataka kuzungumza habari ya mishipi ya ufukoni. Katika mkutano ujao wa ushirika kuna fedha za kuamuliwa, na maneno yanayozagaa vijiweni yanatutia wasiwasi. Wapo wanaosema fedha hizo zinunue juya, tukokote ufukoni, tushibe siku moja. Wapo wanaosema mshipi wa ufukoni ni mchezo wa watoto na wazee, hauna faida, eti samaki wa siku hizi wamekuwa wajanja. Sisi tunapinga yote mawili, na tunaomba msome mpaka chini kabla hamjaanza kubisha. Asiyejua kusoma amwombe jirani amsomee, halafu jioni aje kisomoni.

Habari ya juya tuimalize upesi. Juya la kukokota ufukoni limekatazwa na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Linazoa majani ya bahari na vitoto vya changu na tasi ambavyo havijafikia hata kiganja. Fedha za wanachama haziwezi kununua kesi. Hilo limekwisha.

Sasa tuje kwenye mshipi wenyewe. Ni nani anayetupa mshipi pale ufukoni? Ni yule asiye na ngalawa wala mtumbwi. Ni mzee ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda chombo. Ni kijana aliyemaliza shule hana mtaji, na siku hizi hata kina mama wachache wanakwenda, nasi tunawapongeza. Hawa wakirudi mikono mitupu, nyumba inalala na ugali kwa chumvi. Kwa hiyo mtu asituambie ni mchezo.

Na samaki wapo. Muulize yeyote atokaye ufukoni alfajiri, atakwambia: "Wamenigonga usiku kucha, lakini wapi!" Basi kama wanagonga, bahari haina kosa. Kisomoni tumeifanya hesabu yake kuwa somo. Mtu akigongwa mara 10 akatoa samaki 2, amepata moja ya tano. Akiweza kutoa samaki 4 katika kugongwa kule kule mara 10, mboga imezidi maradufu, na hakununua chombo, wala nanga, wala mafuta ya mashine. Tunataka kila mvuvi aweke hesabu hiyo, hata kwa kuchora mistari kwa mkaa ukutani kwake: mstari mmoja kwa kila kugongwa, duara kwa kila samaki aliyefika mchangani. Mtu asiyehesabu atalaumu mwezi, atalaumu upepo, mwisho atamlaumu mke wa jirani kwa kumtazama vibaya.

Tuanze na ndoana, maana hapo ndipo penye aibu. Nenda kaokote mishipi mitano yoyote ufukoni uipime ndoana zake kwenye ukucha wa dole gumba. Ndoana kali, ukiiegemeza kidogo tu juu ya ukucha na kuivuta, inang'ata, haiendi. Ndoana butu inateleza kama kijiko. Mchanga unaila ncha, mwamba unaila, na kutu inamalizia. Mdomo wa samaki una mfupa na ngozi ngumu. Ndoana butu itamkwaruza tu, naye atakwenda zake. Tupa ndogo ya chuma inatosha. Piga taratibu kutoka ncha kuelekea kwenye mkunjo, pande mbili tatu, mpaka ukucha uiitikie. Ukitoka baharini osha ndoana kwa maji baridi, ipake mafuta ya nazi kidogo. Kazi hiyo haizidi muda wa kunywa chai.

La pili ni chambo, na hapa watu wanakosea kwa ukarimu. Mtu anachukua pande la ngisi kubwa kama soli ya kiatu, anaikunjakunja yote juu ya ndoana mpaka ncha haionekani. Anafikiri samaki mkubwa anataka donge kubwa. Samaki anakuja, anashika donge, mvuvi anavuta, na ncha imezama ndani ya ngisi, haijagusa mdomo hata kidogo. Samaki anabaki na ngisi, mvuvi anabaki na hadithi. Ngisi akatwe vipande virefu vyembamba, achomwe mara mbili au tatu, ncha ibaki wazi kabisa. Dagaa na simu ni laini, wimbi moja linawavua. Wafungeni kwa uzi wa cherehani, mizunguko michache kwenye mwili wa samaki na shina la ndoana, bila kuziba ile nafasi kati ya ncha na shina. Nafasi hiyo ndiyo inayoshika. Ikijazwa chambo, ndoana imegeuka kuwa sinia.

Kuna na wezi. Kaa watakula chambo chako bila kukuarifu, na bunju ana meno kama koleo, anakata hata nailoni. (Na bunju, ndugu zangu, asipikwe hata kwa ahadi ya nani. Sumu yake haiishi kwa moto, na watu hufa.) Kila baada ya muda vuta utazame. Wengine wanakaa saa nzima wakilinda ndoana tupu.

Sasa namba za ndoana. Hili limetuletea hasara, maana waliwahi kutumwa watu mjini kununua, wakarudi na maboksi ya ndoana za kuvulia papa. Hatuwalaumu sana, kwani namba hizi zinachanganya. Kwenye namba za kawaida, namba ikizidi ndoana inapungua: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Lakini ukipita 1 zinaanza zenye mkwaju na sifuri, na hapo mambo yanageuka: 2/0 ni kubwa kuliko 1/0, na 5/0 ni kubwa zaidi. Anayetumwa mjini aandike kwenye karatasi ule mkwaju na ile sifuri, asitegemee kukumbuka. Chaa na kikande wana midomo midogo. Ukiwapelekea ndoana ya kolekole watadonoa mpaka asubuhi. Katika kugongwa bure kunakosemwa vijiweni, mara nyingi ni mdomo mdogo na ndoana kubwa.

Halafu kuna ndoana ya duara, na hii ndiyo tunayotaka ushirika uitazame. Ncha yake imekunjwa ikaelekea ndani, kwenye shina, kama kidole kinachojikuna kiganja. Ukiitazama utasema haiwezi kushika kitu. Hata wazee wetu wawili tuliowaonyesha walicheka. Lakini kazi yake ni hii: samaki anameza chambo, anageuka kwenda zake, mshipi unakaza, ndoana inateleza kutoka kooni bila kuchoma, na inapofika pembeni mwa mdomo inajigeuza yenyewe na kung'ata. Wavuvi wa Alaska na Kanada wanaovua samaki mkubwa wa chini aitwaye halibut kwa mishipi mirefu waliacha ndoana za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakahamia kwenye hizi, kwa sababu ziliwapa samaki wengi zaidi. Na huko pwani ya mashariki ya Marekani, tangu mwaka 2021, anayevua kwa chambo samaki aitwaye striped bass, ambaye watu wengi humvulia ufukoni, analazimishwa na kanuni kutumia ndoana ya duara. Wao wanataka samaki wanaorudishwa majini wasife kwa kuchomwa matumbo. Sisi shida yetu ni mboga, lakini faida tunaipata ile ile: ndoana inakaa pembeni mwa mdomo, samaki hachomoki kirahisi, na ndoana inatolewa nzima badala ya kukata uzi na kuipoteza.

Ila ina sharti moja gumu kwa watu wetu. Usishtue mshipi! Ukiivuta kwa ghafla kama tulivyozoea, inachomoka mdomoni kabla haijajigeuza. Samaki akigonga, subiri. Mshipi ukianza kwenda, ukaze kwa nguvu moja isiyokatika, rudi nyuma hatua kumi juu ya mchanga, ndipo uanze kukusanya. Vijana watapata taabu kwa hili kuliko wazee, maana vijana mikono haina subira. Na hatusemi ndoana ya duara ni dawa ya kila kitu. Kwa samaki wa mdomo mdogo, ndoana ndogo ya kawaida iliyonolewa vizuri bado ni bora, na hiyo unaishtua kidogo anapogonga.

Jambo jingine ni mshipi kulegea. Nailoni inanyumbuka. Ukiwa umeutupa mbali, na mkondo wa pembeni umeupinda kama upinde, mkono wako ukivuta hatua moja kule kwenye ndoana hakifiki kitu. Wakati wa kusi hili ni tatizo kila siku. Usisimame mahali pamoja kama kigingi. Tembea kuufuata mkondo mpaka mshipi unyooke mbele yako, uukaze, uushike kwa kidole. Chubwi la duara linaviringika chini na kuuacha mshipi umelegea. Chubwi lenye miguu ya waya, minne hivi, linajichimbia mchangani kama nanga. Mwenye kuyeyusha risasi anaweza kuzitia hizo waya mwenyewe, ila afanyie nje penye upepo, watoto wawe mbali, maana moshi wake ni sumu. Chubwi likishakamata chini na uzi wa ndoana ukiwa mfupi, shubiri mbili tu, samaki akichukua chambo na kuondoka anakutana na uzito huo na kujichoma mwenyewe, hata kama wewe umesinzia.

Na kwa nini kila mtu anataka kutupa mbali? Ni sifa tu. Maji yanapoanza kujaa, samaki wengi wanaingia kwenye ule mfereji ulio kati ya fungu la kwanza na mchanga, hapo wimbi linapowafukulia minyoo na kaa. Kwa bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo nendeni maji yakiwa yamekupwa, mtazame kwa macho mfereji uko wapi na mlango wake uko wapi, mtie alama kwa mnazi au jiwe. Maji yakirudi mtajua pa kutupa. Wengi wanarusha chubwi juu ya vichwa vya samaki, kisha wanasema bahari imekauka.

Basi pendekezo letu kwa mkutano ni hili. Fedha zile zisigawanywe mkononi na zisinunue wavu. Zinunue ndoana za duara za saizi mbili, ndoana ndogo za kawaida, tupa, na nailoni, viwekwe kwenye ghala la ushirika na kuuzwa kwa wanachama kwa bei ya kununulia, hata moja moja, maana si kila mtu ana fedha ya boksi. Kwa mwezi mmoja wavuvi kumi watumie ndoana ya duara na kumi watumie ya kawaida iliyonolewa, wote waandike mistari na maduara yao. Darasa la kisomo litajumlisha, na hesabu itabandikwa hapa hapa ukutani. Ikionekana ndoana ya duara haifai kwa ufuko wetu, hatutanunua tena, na mwenye kubisha atakuwa na karatasi ya kubishia.

Mkutano ni Jumamosi baada ya sala ya alasiri, uwanja wa ghala. Kila mvuvi wa ufukoni aje na mshipi wake kama ulivyo, asiusafishe kwanza. Tupa mbili zitakuwepo mezani.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukutani