Goti la Mama na Kiti cha Msikitini



Baada ya darsa ya wanawake hapa Kakamega huletewa vikaratasi vya maswali, na mwaka huu hapana suala lililokariri kama hili: goti linauma, kusujudu kumekuwa mateso, je, sala ya kitini yasihi? Mama mmoja aliandika kwamba amekwisha acha kuhudhuria msikitini. Akikaa kitini huona haya kutazamwa na wenziwe. Akisujudu huinuka kwa machozi. Suala hili lina upande wa sharia na upande wa mwili, na kwa kuwa hukumu ya mgonjwa hufuata hali yake, nitaanza na goti lenyewe.

Kwa Kiarabu goti huitwa rukba. Katika mzizi uo huo mmetoka neno la kupanda mnyama, na neno markab, ambalo sisi watu wa pwani tumelifanya marikebu. Nami kila nikilitazama goti huiona marikebu, maana lina mpaka kapi lake. Mifupa mitatu hukutana hapo: wa paja kwa juu, muundi kwa chini, na mbele yake kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo ambacho wengine hukiita pia ya goti. Misuli ya mbele ya paja hupita juu ya kilegesambwa na kushikana na muundi, kama henza inavyopita katika kapi kuinua foromali. Bila kapi hiyo tungehitaji nguvu nyingi zaidi kuunyosha mguu.

Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, utando mgumu unaoteleza, na ute wa maungo huzilainisha. Kati ya paja na muundi mmewekwa vitakia viwili vya gegedu, vilivyopindika mithili ya mwezi mwandamo. Matabibu wa Kiarabu wameviita kwa jina la hilali. Kisha kuna kano nne za kufungia: mbili ubavuni, ndani na nje, na mbili zilizopishana katikati. Zingatieni jambo moja hapa. Nyonga imepewa bakuli la mfupa la kuukalia. Goti halina bakuli. Limesimama kwa kano na kwa misuli tu, na misuli ikilegea mzigo wote huangukia gegedu na kano.

Goti likinyooka kabisa hujifunga, ndiyo sababu twaweza kusimama katika kisomo kirefu bila paja kuchoka upesi. Likikunjwa kidogo hujifungua, na hapo hupata uwezo mdogo wa kuzunguka. Kutembea barabarani kwahitaji mkunjo wa digrii 60 hivi. Kuinuka kitini, 90 au zaidi. Kukaa juu ya visigino kama tukaavyo baina ya sijda mbili, zaidi ya 140. Sala za faradhi zina rakaa 17 kwa siku, yaani sijda 34, kabla hujahesabu sunna. Na mtu anapotembea tambarare tu, goti hubeba mzigo upatao mara mbili na nusu ya uzito wake. Akishuka ngazi, zaidi ya mara tatu.

Sasa mfikirieni mama wa huku. Amechuchumaa mbele ya mafiga, ameinama shambani, ameteremka mtoni kwa udongo uliolowa mvua na kupanda na ndoo kichwani. Dada yake wa pwani hana kilima, lakini ana mbuzi ya kukunia nazi iliyo shubiri moja kutoka sakafuni. Afikapo miaka hamsini goti lake hulia likikunjwa, hukakamaa asubuhi na kuvimba jioni. Huambiwa ni baridi, au ni uzee, avumilie. Mara nyingi ni gegedu linalolika, na maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Gegedu lililolika halioti tena kama kucha, na anayeuza dawa ya kuliotesha anauza maneno. Hata hivyo maumivu hupungua, na dawa iliyo bora haiuzwi dukani: ni kuutia nguvu msuli wa paja. Kaa juu ya kiti, nyosha mguu mmoja mpaka uwe sawa na paja, uzuie huku ukihesabu hadi kumi, ushushe polepole, kisha mguu wa pili. Anza na mara tano tano, asubuhi na jioni, na ufululize kwa wiki kadhaa kabla ya kuhukumu. Kutembea pia ni dawa, ingawa wengi hudhani kunalimaliza goti. Wazee waliofika Mumias na misafara ya biashara walitoka pwani kwa miguu. Kwa aliyenenepa, kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo zipatazo nne katika kila hatua. Kupandisha jiko juu ya meza na kununua kigoda kirefu ni gharama ndogo, na hapa nawasemesha waume.

Vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa kiholela, dikilofenaki na jamaa zake, vikimezwa miezi na miezi huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Muulizeni daktari. Hospitali kuu za kaunti, ya hapa Kakamega ikiwamo, zina wataalamu wa fiziotherapia, na kazi yao ndiyo hii.

Nimesema mama, lakini magoti mengine ya mama huharibika angali msichana. Kaunti hii inapenda kandanda kupita kiasi. Jirani wa uwanja wa Bukhungu hahitaji saa kujua bao limeingia. Wasichana nao wanacheza, na shule kama Butere zimejijengea jina kwa hilo. Msichana anakimbia, anasimama ghafla ageuke, unyayo umenasa katika nyasi, goti limekunjwa kidogo, mwili unazunguka peke yake. Kano ya mbele kati ya zile zilizopishana hukatika. Aghalabu husikia mlio ndani, na goti huvimba katika saa chache kwa damu iliyovuja. Katika michezo ya namna hii wasichana huumia kano hiyo mara mbili ya wavulana au zaidi. Kitakia nacho huweza kuchanika, goti likawa linakwama, halikunjiki wala halinyooki.

Kisha binti anaficha. Anachelea baba atamkataza mchezo, anachelea kuambiwa tulikwambia. Bibi anamkanda kwa maji ya moto na mafuta, na joto na kukanda siku za mwanzo huzidisha uvimbe. Mwaka 2017 Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, aliumia goti akiichezea Tottenham ya Uingereza, akakaa nje kwa miezi kadhaa ilhali ana madaktari wa klabu. Vipi binti yetu arudi uwanjani baada ya wiki mbili kwa mafuta ya nazi? Siku mbili za mwanzo goti lipumzishwe, lipozwe kwa kitambaa cha maji baridi, lifungwe bandeji isiyobana, mguu uinuliwe juu ya mto. Na likiwa limevimba upesi, linakwama, au linamwachia akikanyaga, apelekwe hospitali. Goti lenye joto kali pamoja na homa lisingoje kesho. Kano iliyopuuzwa leo huwa gegedu lililolika miaka ishirini ijayo. Tena wenye timu wajue kwamba kuna mazoezi ya kupasha mwili yaliyotungwa na wataalamu wa FIFA, yaitwayo 11+, ya dakika 20 tu, na yamethibitika kupunguza majeraha. Wazazi, wasikilizeni mabinti kabla ya kuwakaripia. Anayeogopa ukali wenu atachechemea mpaka aolewe.

Tuje katika sala. Imran bin Husayn, radhi za Allah zimshukie, alipougua alimuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Basi kiti si aibu, na aliyesali kitini kwa udhuru wa kweli hana haja ya kuirudia sala yake. Ila ruhusa ni kwa kadiri ya udhuru. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, tuyafuatayo wengi wetu, anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu hubakiwa na wajibu wa kusimama. Atasimama kwa kisomo, atarukuu kadiri awezavyo, kisha atakaa na kuashiria sijda kwa kuinama zaidi kuliko alivyoinama rukuu. Kukaa kitini tangu takbira ya kwanza ni kwa yule ambaye kusimama nako kunamdhuru.

Anayeweza kusujudu kwa taabu kidogo ana wepesi mwingine. Sisi hutanguliza magoti tukishuka, lakini Imam Malik aliona mikono itangulie, na mwenye maumivu akitanguliza mikono hupunguza uzito unaoliangukia goti. Wakati wa kuinuka, kujitegemeza kwa viganja ni sunna kwetu. Katika tahiyatu akae atakavyoweza, hata akinyosha miguu.

Kuhusu kiti chenyewe: kiwe kifupi na imara, kisicho na magurudumu, na kiwekwe mwisho wa safu, ukutani. Anayesimama apange nyayo zake pamoja na wenziwe, kiti kibaki nyuma yake. Anayekaa sala nzima, miguu ya nyuma ya kiti ndiyo ilingane na safu. Viti viwili vitatu viwekwe upande wa wanawake kabla mtu hajaviomba.