Saa 72 kwa wiki: kwa nini kuhesabu saa za kazi ni siasa



Wiki iliyopita nimemaliza kitu kilichonila miezi miwili: programu ndogo ya kuhesabu saa za kazi. Unaifungua kwenye simu, ukifika kazini unabonyeza "Nimeingia", ukimaliza zamu unabonyeza "Nimetoka". Mwisho wa wiki inakuambia umefanya saa ngapi, za ziada ngapi, za usiku ngapi. Basi, hakuna kingine. Mimi nasoma sheria, mambo ya kompyuta sijasomea. Aliyeandika sehemu kubwa ni msaidizi wa akili mnemba. Mimi namweleza ninachotaka, yeye anaandika, mimi najaribu, inagoma, tunarudia.

Najua kuna walioanza kuguna. "Sisi tunadai Katiba Mpya, dada anatuletea habari za programu!" Tulieni niwaeleze.

Kaka yangu ni mlinzi hapa Dar es Salaam. Anaingia lindo saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Mapumziko ya kula hana, maana akiondoka getini nani atabaki? Mshahara wake sitautaja, ni siri yake. Siku moja nikamuuliza, "Kaka, hivi za ziada mnalipwa?" Akacheka. "Mdogo wangu, ziada ya nini? Hii ndiyo kazi yenyewe."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi, kwa sababu muhula huohuo nilikuwa nasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 19 kinasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Za ziada haziwezi kuzidi 50 katika wiki 4, tena kwa makubaliano, na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kifungu cha 20 kinaongeza asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, na usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Sasa piga hesabu na mimi. Saa 12 mara siku 6 ni 72. Toa 45, zinabaki 27 za ziada kwa wiki moja. Kwa wiki 4 ni 108, wakati mwisho wa sheria ni 50. Kuna mwajiri atasema, "Sisi tuna makubaliano ya maandishi ya zamu ya saa 12." Sawa, sheria inaruhusu makubaliano hayo, ila kwa siku zisizozidi 5 kwa wiki, saa 45 za kawaida na ziada isiyozidi 10. Upite njia gani, 72 haipiti.

Tatizo ni kwamba kaka hakuwa na karatasi hata moja. Daftari la kusaini liko kwa supavaiza. Na kanuni ya ushahidi iko wazi: anayedai ndiye anayethibitisha. Ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kusema "nafanya kazi sana", utarudi nyumbani na nauli yako imeisha. Hapo ndipo wazo la programu lilipozaliwa.

Niseme ukweli kuhusu huyu msaidizi, maana mitandaoni kuna wanaomwabudu na kuna wanaomtukana. Ni mwepesi mno. Jioni ya kwanza tu nilikuwa na ukurasa wenye vitufe na jedwali. Lakini alipohesabu za ziada, alianzia saa 40. Nikamuuliza 40 imetoka wapi. Kumbe ni wiki ya kazi ya Marekani! Hakuna aliyemtuma, kaichukua tu kwa sababu ndiyo aliyoizoea.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilijificha. Nilimwandikia kwamba mtu anaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Jedwali likaleta jumla ya saa 12, nikafurahi. Siku 3 baadaye nikatazama safu ya usiku: saa 4 tu. Inawezekanaje mtu akeshe hadi jua linachomoza halafu awe na saa 4 za usiku? Nikachimba. Alikuwa amesoma saa zetu kwa mtindo wa Kiingereza: 12 jioni kaifanya saa 6 mchana, 12 asubuhi kaifanya saa 6 usiku. Jumla inabaki ileile 12, kwa hiyo huoni kitu. Lakini badala ya saa 10 za usiku, kaka anapewa 4. Saa 6 zinapotea kila zamu, 36 kwa wiki. Angekuwa mtu asiyejua saa ya Kiswahili, au asiyejua kifungu cha 20, programu ingemwibia mlinzi huku ikimwonyesha rangi nzuri za kijani.

Nikajifunza kwamba kazi ya kuandika unaweza kuikabidhi. Kazi ya kujua haki ya nani inahesabiwa, hiyo huwezi.

Kuna mengine nilimkatalia. Alipendekeza programu irekodi mahali mtumiaji alipo kila anapobonyeza. Nikasema hapana. Anachodai mlinzi ni saa zake, na kuwa na orodha ya malindo ndani ya simu ni hatari kwake na kwa anaowalinda. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usikusanye usichokihitaji. Hata jina la kaka sikumpa huyo msaidizi, nilijaribia kwa tarehe za kubuni.

Pia aliweka kitufe cha "Hariri" kinachofuta kilichokuwepo na kuweka kipya. Kwa mtu wa kawaida ni sawa. Kwa mwanasheria ni balaa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, lakini anayepima uzito wake anaangalia zilivyotengenezwa na kutunzwa. Kama naweza kubadilisha Jumanne ya mwezi uliopita bila alama, wakili wa mwajiri atanimaliza kwa swali moja. Kwa hiyo sasa ukirekebisha, la zamani linabaki linaonekana, na saa uliyorekebisha inaandikwa.

Sasa siasa. Sisi vijana wa upinzani tuna mdomo, tusidanganyane. Tunajua kusema "wafanyakazi wananyonywa". Tukiulizwa wangapi, saa ngapi, shilingi ngapi, tunarudi kwenye kaulimbiu. Maafisa kazi wa serikali wana mamlaka ya kuingia kazini na kukagua kumbukumbu. Swali la kuwabana ni moja: kumbukumbu zipi, ikiwa anayeziandika ni mwajiri peke yake na mfanyakazi hapewi nakala? Ninachopendekeza kiingie kwenye ilani yetu ni sentensi moja: kila mfanyakazi apewe nakala ya saa zake pamoja na hati yake ya mshahara. Haigharimu bajeti ya taifa. Inagharimu karatasi.

Na tuanzie nyumbani. Vijana wanaoendesha kurasa za chama usiku kucha, wanaobandika mabango, wanaolala ofisini kipindi cha kampeni, saa zao nani anaziandika? Kujitolea ni heshima, sikatai. Lakini anayejitolea naye ahesabiwe, angalau siku ya kugawa nafasi tujue nani alikuwepo. Hatuwezi kumdai mwajiri daftari wakati sisi hatuna.

Kuna swali ambalo sina jibu lake kamili. Baada ya wiki 5 nilimkabidhi kaka jedwali lake. Alilitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ni nyingi hivi." Kisha akauliza, "Nikilipeleka nikafukuzwa, kodi ya nyumba utalipa wewe?" Nilitaka kumjibu kwamba sheria inasema kutumia haki yako si sababu halali ya kukuachisha kazi. Ni kweli inasema. Lakini mwenye nyumba hapokei vifungu. Nikanyamaza.

Hajapeleka. Na muda nao unakwenda, maana kwa madai yasiyohusu kuachishwa kazi una siku 60 tu kufungua mgogoro, na ukifukuzwa una 30. Kilichotokea ni kwamba kawaonyesha wenzake wa lindoni. Sasa wako 4 wanaobonyeza kila jioni na kila asubuhi, na wameanza kuulizana habari za kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mmoja peke yake anafukuzwa kimyakimya. Wanne wenye majedwali yanayofanana, hapo mwajiri atafikiri mara mbili.

Kwa hiyo kamanda, kama unafanya kazi, au mama yako, au jirani yako anafanya kazi, usisubiri programu yangu. Chukua daftari la shule, andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kila siku, bila kuruka. Tawi lenye watu 10 wa namna hiyo lina hoja ambayo hakuna msemaji wa serikali anayeweza kuijibu kwa kebehi.

Leo saa 12 jioni kaka anaingia tena lindo. Atabonyeza.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, na mwanachama wa jumuiya ya vijana ya chama.