Kalsiamu Si Tatizo Lako!

Leo naomba niwakwaruze kidogo wenzangu tunaofuga matumbawe kwenye matangi, hasa sisi watu wa kompyuta tunaotaka kila kitu kijiendeshe chenyewe.

Matumbawe yakififia rangi tu, jibu ni moja: ongeza kalsiamu! Kwa nini? Eti mifupa yake ni kalsiamu. Jamani, huo ni ukweli nusu, na nusu hiyo inaua wanyama.

Mifupa hiyo ni kalsiamu kaboneti. Upande wa kaboneti tunaufuatilia kwa kupima ualkali wa maji, kwa kipimo cha dKH. Sasa tazama hesabu. Maji ya bahari yana kalsiamu miligramu 420 hivi kwa lita, na ualkali wa karibu 7 dKH. Matumbawe yakitumia miligramu 20 za kalsiamu kwa kila lita, ualkali unashuka kwa 2.8 dKH. Yaani kalsiamu imepungua chini ya asilimia 5, na ualkali umeanguka asilimia 40! Una akaunti mbili, moja imejaa na nyingine inakauka, nawe unaweka pesa kwenye ile iliyojaa.

Magnesiamu je? Baharini ni karibu miligramu 1,300 kwa lita, na tangini hupungua polepole. Kazi yake kubwa hapa ni kuzuia kalsiamu na kaboneti zisigande majini zenyewe. Ipime mara moja kwa mwezi.

"Lakini mimi nina pampu, inadondosha dozi kila saa." Hongera. Pampu hiyo haijui kama matumbawe yameacha kukua, wala kama chupa imeisha. Ni programu inayoandika bila kusoma! Dozi ikizidi, unga mweupe unaganda kwenye hita na pampu za maji, na vipimo vyako vinaporomoka.

Sisemi pampu ni mbaya. Kugawa dozi kidogo kidogo usiku na mchana inatushinda sote. Ila ipewe namba iliyopimwa, si ya kubahatisha.

Fanya hivi. Kwa siku 3 usiongeze chochote. Pima ualkali kila siku saa ile ile. Ukikaribia 6 dKH, simamisha jaribio. Wastani wa kushuka kwa siku ndiyo dozi yako. Kwa tangi la lita 200, kurudisha 1 dKH ni gramu 6 hivi za sodiamu bikaboneti. Kalsiamu ifuate kwa uwiano ule ule, 20 kwa 2.8, lakini usizimimine pamoja mahali pamoja. Kisha washa pampu, na uendelee kupima kila wiki.

Huna muda wa kupima? Basi fuga samaki wa maji baridi. Tumbawe ni mnyama hai, si taa ya mapambo.

Mwenye hesabu tofauti, ailete!