DEREVA WA TRENI NAYE AWE NA NGAZI YA KUPANDA

TAREHE 1 Agosti, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua rasmi safari za treni ya umeme baina ya Dar es Salaam na Dodoma, yalisifiwa mengi: mataruma, nguzo za umeme, stesheni mpya, na mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Aliyesifiwa kidogo kuliko wote ni yule aliyekaa mbele kabisa. Watu humwita mshika usukani, ingawa hana usukani wowote, kwani njia huamuliwa na reli. Kazi yake ni kuongeza mwendo, kupunguza mwendo, kusoma ishara, na kubeba dhamana ya roho za mamia ya abiria walio nyuma yake.

Leo tunapenda kuuliza swali moja juu ya mtu huyo, na juu ya wenzake watakaoendesha treni za mijini kadiri miji yetu inavyozidi kukua. Akiingia kazini akiwa na umri wa miaka 25, atakuwa wapi atakapofika miaka 45?

Mtumishi wa Serikali anaelewa uzito wa swali hili bila kufafanuliwa. Anao muundo wa utumishi. Anajua daraja alilopo na daraja linalofuata, hata kama kulifikia ni kazi ya kungoja. Dereva wa treni za mjini, karibu kila mahali duniani, hupanda ngazi fupi mno. Hufundishwa kwa miezi kadhaa, hufanya mtihani, hukabidhiwa treni. Akishakabidhiwa, amefika. Juu yake kuna viti vichache tu: mkufunzi, msimamizi wa zamu, mwongozaji katika chumba cha kuongozea treni. Waliobaki husubiri mmoja wao astaafu au afe.

Zamani haikuwa hivyo. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na injini zake zilikuwa za mvuke. Katika injini za namna hiyo kijana alianza kwa kuzisafisha, akapanda kuwa mchochea moto, na baada ya miaka mingi ya kusimama kando ya dereva, akijifunza kwa macho na masikio, naye akawa dereva. Ilikuwa ngazi ndefu na yenye jasho, lakini ilikuwa ngazi. Ubaya wake ulikuwa mwingine: katika enzi ya ukoloni, Mwafrika aliruhusiwa kuchochea moto, na kwa muda mrefu ngazi yake ikakatwa hapo hapo kwa sababu ya rangi yake. Wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waliogoma mwaka 1960 waliyajua hayo vyema.

Kisha ikaja dizeli, na mchochea moto hakuhitajika tena. Ukaja umeme, na mahali pengi hata msaidizi wa dereva akaondolewa. Ndiyo kusema kwamba kadiri mtambo ulivyoendelea, ndivyo ngazi ya mtu anayeuendesha ilivyopunguzwa vidato. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini hakuna aliyekaa chini akaweka vidato vingine badala ya vile vilivyong'olewa.

Matokeo yake, dereva hodari anayetaka kupanda cheo hulazimika kuiacha treni. Hapa tunawageukia walimu, maana hili ni jeraha lao pia. Ni mara ngapi tumeona mwalimu wa hesabu, ambaye darasa zima humwelewa, akipandishwa kuwa mkuu wa shule, kisha ofisa wa elimu, hadi siku moja chaki inasahau mkono wake? Amepanda yeye, hesabu imebaki yatima. Dereva mwenye miaka 15 njiani, anayejua kwa hisia ya mwili breki itakavyoitikia mvua ikinyesha, huishia mezani akipanga karatasi za zamu, na treni hupewa mgeni.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kwa namna zao. Nchini Japani, katika makampuni mengi ya reli, kijana hupitia kwanza kazi za stesheni, hufanya mtihani wa kuwa gadi, na baadaye ndipo hufanya mtihani wa udereva na kupata leseni inayotolewa na serikali. Anapokaa kwenye kiti cha mbele, anamjua abiria na anaijua stesheni. Huko Marekani, katika miji kama Portland, madereva wa treni nyepesi kwa desturi wametoka katika mabasi ya shirika hilo hilo, na zamu huchaguliwa kwa kufuata ukubwa kazini: mkongwe huchagua kwanza, na mgeni hubakiwa na usiku na Jumapili. Utaratibu huo una haki yake, lakini miaka peke yake haimfanyi mtu kuwa bora.

Jirani zetu wa Ethiopia wanatupa somo gumu zaidi. Treni nyepesi za Addis Ababa zilianza kubeba abiria Septemba 2015, njia mbili zenye urefu wa kilomita zipatazo 34 kwa jumla, zikiwa na treni 41. Miaka ya mwanzo uendeshaji ulikuwa chini ya mkataba na kampuni kutoka Shenzhen, China, kwa makusudio kwamba Waethiopia wajifunze na kuupokea. Lakini miaka michache baadaye sehemu kubwa ya treni hizo ziliegeshwa kwa kukosa vipuri. Dereva asiye na treni ya kuendesha hana cheo cha kupanda, hata muundo wake uandikwe kwa wino wa dhahabu. Ngazi ya dereva na ngazi ya fundi husimama pamoja au huanguka pamoja.

Kwetu Tanzania tunashauri kwanza kwamba pawepo madaraja ya udereva wenyewe, ili mtu aweze kuwa dereva mwandamizi, kisha dereva mkuu, akiongezewa mshahara huku akiendelea kuendesha treni. Tunajua wahasibu watauliza: alipwe zaidi kwa kazi ile ile? Si kazi ile ile. Treni inapozimika katikati ya stesheni mbili, imejaa watu na joto linapanda, tofauti ya dereva wa miaka miwili na wa miaka kumi na miwili huonekana mara moja, na abiria ndio huilipia. Daraja lipimwe kwa usalama wa safari zake, kwa mtihani, na kwa uwezo wake wa kumfundisha anayekaa pembeni yake. Mtihani utangazwe wazi, na matokeo yabandikwe, ili kujuana kusipate mwanya.

Pili, mlango ufunguliwe kwa walio nje. Mabasi ya mwendo wa haraka yalianza Dar es Salaam Mei 2016, na treni za abiria za mjini, za TAZARA na za Reli ya Kati, zilianza Oktoba 2012. Wamo humo madereva waliozoea kusimama na kuondoka kila baada ya dakika chache, na kuvumilia umati wa asubuhi. Wamo pia wakongwe wa reli ya zamani. Wafunzwe na wapimwe, na wakifaulu, sehemu ya miaka yao ya utumishi ihesabiwe. Kumwanzisha upya mtu wa miaka 20 kazini kama mwanagenzi ni kumfukuza kwa adabu.

Liko jambo la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Udereva wa treni unaweza kukatishwa na daktari. Macho yakififia, au moyo ukianza kusumbua, ruhusa ya kuendesha huondolewa siku hiyo hiyo, hata kama mtu ana miaka 48 na watoto watatu shuleni. Mama mjamzito naye huhitaji kuondolewa katika zamu za usiku bila kupoteza nafasi yake katika orodha. Watu hawa wanafaa mno katika chumba cha kuongozea treni na katika vyuo vya mafunzo, lakini ni lazima waandaliwe mapema, wakiwa bado wazima, na wala si baada ya barua ya daktari kufika mezani.

Reli hii imekusudiwa kufika Mwanza na Kigoma, na madereva wengi zaidi watahitajika. Kijana aliyeajiriwa mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 25 atastaafu kwa lazima mwaka 2059. Tunaomba muundo wa utumishi wake ubandikwe katika chumba cha madereva kabla ya kundi lijalo halijaajiriwa, ausome mwenyewe, ukiwa na madaraja yote na masharti ya kila daraja.